Jibu la Jumatatu

Jumapili, alasiri. Ukungu umeshuka tangu adhuhuri na umekataa kuondoka, hata mti wa peasi uliopo nje ya dirisha langu siuoni. Nina aibu. Nimeliandika neno hilo mwanzoni kabisa ili nisipate nafasi ya kulipamba huko mbele.

Shajara yangu ya mtandaoni, wewe umezoea majigambo yangu. Wiki iliyopita nilikujia hapa nikiwa nimevimba kichwa, nikakueleza jinsi nilivyoufanya ukurasa wa kituo chetu cha maziwa ufunguke kabla hata karani hajatoa kidole kwenye kitufe. Wasomaji wachache walinipongeza. Mmoja aliniita fundi, nami nikalisoma neno hilo mara kadhaa siku hiyo. Leo nimetamani kuifuta ile habari nzima, lakini nimeiacha. Ikae tu, watu waione.

Ngoja nianze na kinachoniumiza. Kesho asubuhi, maziwa yakishapokelewa, chama chetu cha wafugaji kitafanya kikao. Jina la mama mkwe wangu litasomwa mbele ya watu kwamba anatia maji kwenye maziwa. Kwetu huku, mtu akisomwa jina kwa sababu hiyo anatolewa chamani, na hata akienda msibani watu wanakumbushana kwa macho. Yeye ni mmoja wa wanawake waliokianzisha chama hicho, enzi ambazo mimi nilikuwa bado nasoma shule ya msingi huko kwetu Korogwe.

Maji hakutia. Aliyemtilia maji ni mimi, na sikugusa hata keni ya maziwa.

Sisi tunakaa juu, upande wa kwenda Kwai. Kituo kiko chini barabarani, na njia yetu ni ya miguu tu, inateleza mwaka mzima. Ndiyo maana watu wa mteremko huu wanabebeana. Leo unapeleka keni yako na ya jirani, kesho jirani anapeleka yake na yako. Zamu yetu ni na Mama Eliza, Mlutheri wa nyumba ya chini yetu, ambaye yeye na mama mkwe wangu wamezeeka pamoja kwa kusaidiana na kutaniana.

Kituo chenyewe kina vyumba viwili. Nyuma yuko mpimaji na laktomita yake, kile kipimo cha uzito wa maziwa. Anapelekewa chupa ndogo zenye namba za nyumba, haoni sura ya mtu, na karani haruhusiwi kumuuliza chochote. Hilo walilitaka wanunuzi. Zamani, wanasema, maziwa yalichukuliwa na shirika la umma na hakuna aliyeuliza sana. Siku hizi kila mnunuzi ana gari lake na akili zake, na akiletewa maziwa mepesi anateremka zake Mombo, humwoni tena. Basi mpimaji akikuta maji, anaweka alama ya onyo kwenye kompyuta yake. Mbele, dirishani, yupo Upendo, karani wetu. Anayeleta maziwa anataja namba yake, kisha ya mwenye maziwa, Upendo anafungua ukurasa. Akiona kijani anapokea. Akiona nyekundu anairudisha keni kwa mwenyewe.

Tatizo lilikuwa mwendo. Kila ukurasa ulipofunguliwa, programu ilikwenda kuiuliza hifadhidata iliyoko kwenye seva tuliyoikodi Dar es Salaam, tena kwa modemu ambayo ikinyesha mvua inalala. Iliuliza jina, nyumba, ng'ombe, zamu, onyo. Foleni ikawa inafika barabarani. Akina mama wamesimama kwenye manyunyu, maziwa yanapoteza ubaridi wa alfajiri, dereva wa mnunuzi anapiga honi, na wote wananiangalia kwa jicho la pembeni, maana programu ni yangu.

Dawa yake kila mwandishi wa programu anaijua. Ni kache. Badala ya kuiuliza hifadhidata swali lilelile kila mara, unauliza mara moja, jibu unaliweka karibu, na anayeuliza tena anapewa lile lililowekwa. Ni kama karani aliyechoka kuulizwa saa za kufungua ofisi, akaziandika kwenye karatasi na kuibandika mlangoni. Una mambo mawili tu ya kuamua: karatasi hiyo uiandike jina la nani, na uibandue lini.

Nimekosea yote mawili.

La pili kwanza, kwa sababu ni la kijinga zaidi. Nilijiambia kwamba onyo ni jambo la nadra, huenda mwezi mzima ukapita pasipo hata moja. Nikaamuru jibu likae wiki nzima. Maana yake ni kwamba kilichoonekana dirishani Jumatatu ndicho kilichoendelea kuonekana mpaka leo, hata kama mpimaji kule nyuma alikuwa anapima vingine. Waliopata kijani Jumatatu wangeweza kuleta maji ya bomba wiki yote na wangepokelewa kwa tabasamu.

Na la kwanza. Niliyaweka majibu kwa namba ya aliyebeba maziwa. Sikuyaweka kwa namba ya mwenye maziwa. Namba ya aliyebeba ndiyo Upendo anayoiandika mwanzo, ilikuwa karibu na mkono, nikaichukua. Mtu wa Dar angesamehewa. Mimi nimeolewa kwenye mteremko huu huu, kila siku naona keni mbili zikishuka kwa mgongo wa mtu mmoja, na bado nikaandika programu ya watu ambao kila mmoja anajibebea lake.

Jumatatu, asubuhi ya kwanza ya kache yangu, zamu ilikuwa ya Mama, ndivyo ninavyomwita mama mkwe wangu. Naye ana adabu yake ya siku zote, keni ya jirani inatangulia. Akasogeza ya Mama Eliza. Mpimaji akakuta maji kidogo, na kweli yalikuwemo, kwa sababu mfuniko wa Mama Eliza ulikuwa umevunjika na alikuwa amefunika kwa mfuko wa nailoni. Mvua ikaingia njiani. Nyekundu. Programu yangu ikalichukua jibu hilo na kulibandika kwenye namba ya aliyebeba. Mama aliposogeza keni yake mwenyewe, akabandikiwa lilelile.

Mama Eliza alijieleza, watu wakacheka, akatafuta mfuniko mwingine. Akasema mpaka jina lake lisafike atakuwa anapeleka yake mwenyewe kila siku, ila siku za zamu yake atabeba na yetu kama kawaida, kwa kuwa Mama ana goti. Alipotaja namba yake mwenyewe akakuta kijani, na kijani hicho kikakaa.

Sasa angalia jinsi mambo yalivyojipanga. Siku ambazo Mama Eliza alibeba maziwa yetu, yalipokelewa. Siku ambazo Mama aliyabeba mwenyewe, yalirudi. Maziwa ya ng'ombe yuleyule, keni ileile.

Jumatano nilikuwa ndani ya kituo, nimeinama chini ya meza ya Upendo nikifunga waya, nikawasikia wanawake kwenye foleni.

"Akibeba mwenzie yanapita, akibeba yeye yanarudi."

"Basi maji hayo yanaingilia njiani, mwenzangu. Si kuna kijito pale?"

Nilibaki chini ya meza. Nilijifanya waya una matatizo. Kibaya ni kwamba sikukaa pale kwa kuogopa ugomvi. Nilikaa kwa sababu niliona wana hoja. Kichwa changu kilichosomea kutafuta makosa kiliona kitu kimoja tu kinachobadilika, yaani mbebaji, nikahukumu. Programu yangu haikuniingia akilini hata kidogo. Mwanamke aliyenipokea nikiwa mgeni, anayeniwekea uji mwingi kuliko wake tangu mume wangu Shabani aende kufanya kazi Tanga, ndiye niliyemshuku kwanza.

Lakini kilichonimaliza kilikuja asubuhi hiyohiyo, Mama alipofika dirishani na keni yake. Yalirudi tena, na foleni ikaanza kunung'unika kwa sauti. Mama akageuka, akawaambia, "Jamani, msimsumbue huyu karani. Ni mimi. Keni niliisuza nikasahau kumwaga maji." Akaifunga keni yake, akajitwika, akapanda mlima. Nami nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Unajua nilichosema moyoni? Nilisema, kumbe kweli. Jioni alinipa chai nikaipokea bila kumtazama.

Leo baada ya chakula cha mchana mwenyekiti wa chama alinipigia simu. Ni mzee mstaarabu, hakutaka mtu atolewe kwa maneno ya foleni. Akaniomba niangalie kwenye kompyuta mpimaji aliandika nini hasa, maji kiasi gani, siku gani. Nikamwambia nitaangalia. Shajara, nitakuwa mkweli: nilikaa kwenye kompyuta kwa hamu. Nilitaka nimkute, niwe na uhakika, mambo yaishe.

Nikaiuliza hifadhidata moja kwa moja, bila kupitia kache. Modemu ikahangaika kama kawaida yake. Majibu yakaja.

Safi. Safi. Safi. Kila siku, kila chupa ya nyumba yetu, safi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba mpimaji amekosea. Ndivyo nilivyo. La pili lilikuwa kwamba labda anamwogopa Mama, ilhali mtu huyo anaona namba tu. Nikafungua programu, nikausoma ule mstari mmoja niliouandika kwa mbwembwe, nikaona namba ya mbebaji imekaa pale mahali pa namba ya nyumba. Natamani ningekuambia nililia kwa ajili yake. Mwanzoni nilijihurumia mimi, jinsi nitakavyochekwa.

Kurekebisha hakukuchukua hata muda wa kuchemsha maharage. Nimeweka namba ya nyumba. Nimeamuru mpimaji akigusa tu alama ya onyo, awe anaiweka au anaiondoa, jibu la zamani lifutwe hapo hapo. Nimeyamwaga majibu yote ya wiki hii. Na hapo ndipo shetani alipokaa kitako karibu nami. Wiki ilikuwa inakwisha. Kesho jibu la Jumatatu lingefutika lenyewe, Mama angekuta kijani, na hakuna mtu duniani ambaye angejua kilichotokea. Angesomwa jina tu, basi.

Nilikaa na wazo hilo muda mrefu kuliko ninavyoweza kukuandikia hapa.

Kisha nikaenda jikoni. Mama alikuwa anachambua mboga. Nikasema, "Mama, shikamoo," ingawa tulishaamkiana asubuhi, kwa kuwa sikujua mdomo uanzie wapi. Akaitikia, akaniangalia. Kwa kawaida tukiwa nyumbani ananisemesha Kishambaa, nami najikokota nyuma yake. Jambo likiwa zito anahamia Kiswahili ili nisipitwe na kitu. Akasema, "Kaa, mwanangu."

Nikamweleza. Nilitumia maneno mengi mno kuhusu seva na maswali na majibu. Hakunikatiza. Nilipofika mwisho nikasema kwa ufupi: hakukuwa na maji, Mama, si njiani, si hapa nyumbani. Kompyuta ilishika jibu la Mama Eliza ikalibandika kwako, na aliyeifundisha kufanya hivyo ni mimi.

Akaweka kisu chini.

"Kwa hiyo si wewe," akasema.

Nikasema ni mimi, Mama, ndivyo ninavyokueleza. Akatikisa kichwa. "Nauliza maji. Maji hukutia?"

Sikuelewa. Akanifafanulia taratibu, na natamani asingenifafanulia. Siku za zamu yake, yeye huswali na kujiandaa kwa safari, kwa hiyo anayekamua ni mimi. Siku za zamu ya Mama Eliza anakamua mwenyewe. Yaliyokamuliwa na yeye yalipita. Yaliyokamuliwa na mimi yalirudi. Naye aliona kitu kimoja tu kinachobadilika.

"Nikasema ng'ombe amepunguza, mume yuko mbali, umeona haya keni isijae," akasema. "Na wewe mgeni hapa kwetu. Wakikusema wewe hutapona. Mimi wamenizoea." Kisha akacheka, machozi yakimtoka, akasema, "Alhamdulillahi. Mtoto wangu si mwizi."

Aliposimama mbele ya foleni akasema ni yeye, alikuwa ananifunika mimi.

Tulikuwa na ushahidi uleule, mimi na yeye, unaofanana kabisa. Mimi niliutumia kumhukumu. Yeye aliutumia kunificha. Nimekaa hapa nikitafuta namna ya kuandika sentensi hizo ili zisiniume, sijaipata.

Akaanza kunizuia. Usiseme kitu kesho, akasema, nimeshasema ni mimi, yaishe hivyo hivyo. Wakijua kompyuta ndiyo imekosea watakutoa kazini, na kazi umeisomea. Mimi nikitolewa nitakaa nyumbani, goti lipumzike. Alikuwa anasema kama mtu anayegawa chakula, hiki chako, hiki changu. Nikatoka nje nikampigia mwenyekiti kabla sijashawishika, na ninajijua, ningeshawishika. Nikamwambia yote. Akasema, "Binti yangu, hayo njoo uyaseme hapo dirishani kesho, foleni ikiwepo. Yalisemwa hapo." Hakunigombeza. Angenigombeza ningejisikia nafuu.

Niliporudi ndani na kumwambia Mama, alisema basi tutakwenda wote, maana nitateleza peke yangu na keni.

Ningependa kuishia hapo. Ningekuwa nimeandika habari ya mtu aliyekosea na kutubu, na wasomaji wangu wachache wangenipongeza tena.

Kuna jambo la Ijumaa sijaliandika. Ijumaa Mama alibeba tena, kwa ubishi tu. Mimi nilikamua, nikamtwisha keni, na alipoingia ndani kuchukua kanga yake nikatangulia kwa njia ya juu. Nikajificha kwenye magugu karibu na kijito nimvizie. Mwanamke niliyesoma, niliyeolewa, nimechuchumaa kwenye umande kama mwizi wa kuku. Akaja. Akaitua keni. Akainama kwenye maji, na moyo wangu ukaruka kwa furaha, naapa, kwa furaha. Akachota kwa kiganja, akanywa. Akakaa juu ya jiwe akilisugua goti lake. Alikaa sana. Kisha akafunga kanga, akajitwika, akaenda. Nami nikarudi nyumbani nimenuna kwa sababu sikumkamata.

Leo, baada ya yote niliyomweleza, tukiwa tunamalizia mboga pamoja, akasema bila kunitazama, "Ijumaa nilikuona pale kwenye magugu."

Nikaendelea kuchambua majani niliyokwisha kuyachambua.

"Nilijua umekuja kuniambia ni wewe," akasema. "Nikakaa kwenye jiwe makusudi, nikakupa nafasi. Nikasema maskini, aibu imemshika. Kumbe maskini ya Mungu hukuwa na la kusema. Ulikuja kunisindikiza tu, eh?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Ndivyo nilivyosema. Saa nzima baada ya kutubu, nikampa jibu la uongo kwa haraka, na akalipokea kwa furaha, akalihifadhi.

Ukungu bado haujaondoka. Namsikia anafua kitambaa cha kuchujia maziwa huku anaimba kwa Kishambaa, jambo ambalo hakulifanya wiki nzima. La foleni nimeshajiandaa nalo; nitasimama dirishani kabla Upendo hajafungua ukurasa, niseme kosa ni langu na Mama Shabani ni msafi, wacheke watakavyo. Hilo ni la watu, litapita. La magugu halina mwingine anayelijua huku mlimani, na nikinyamaza litabaki zuri kama alivyolipokea, mkwe amemsindikiza mkwe.

Kesho keni nitabeba mimi, yeye atatembea mbele. Nitamwambia kabla hatujaliona paa la kituo.